Nuga Nyeupe Iliyotukimbiza Chooni

Ninyi batoto munaokuja kukaa hapa mlangoni kwangu kuniuliza namna nuga inapikwa, leo nawaandikia mara moja, kisha muniache nilale kidogo mchana. Masomo yangu yaliishia kule Fizi, Kongo, madarasa ya chini, sababu mwalimu alikimbia vita mbele yetu. Mukikuta neno limepinda, linyosheni ninyi mulio na shule. Sukari yenyewe haikuniuliza diploma hata siku moja.

Najua mulianza kwa Mama Nsimire. Musikatae. Niliwaona mukitoka kwake midomo inang'aa, kisha njo mukakumbuka kwamba kuna muzee naye alipikaga. Sawa. Habari yake nitawaambia pia, tena vizuri kuliko yeye, maana yeye akifika katikati anaanza kucheka.

Kwanza kazi. Nuga, kwa asiyeijua, njo karanga zilizoshikwa na sukari iliyoungua kidogo. Unamwaga juu ya bati yenye mafuta, unakata ingali moto. Mi nilifundishwa Uvira na Tantine Bora, shangazi yangu, mwanamuke mufupi mwenye mwiko murefu. Yeye hakuwa na saa. Alisema sukari inasema yenyewe kwa rangi: inakuwa maji, inakuwa asali, inakuwa chai kavu, na ukizubaa hapo inakuwa makaa. Ukitaka kuhakikisha, dondosha tone ndani ya maji baridi. Likipinda, ngoja. Likivunjika kwa mlio, epua mbio. Siku yangu ya kwanza nilikoroga mpaka pembeni mwa sufuria, sukari yote ikarudia kuwa muchanga.  Tantine alinipa ule muchanga niule na uji mpaka ukaisha. Tangu pale nilikamulia ndimu kidogo na mwiko wangu haukuzunguka ovyo.

Karanga nazo kaangeni mbele, pepeteni ganda lote, sababu ganda likibaki linaungua na nuga inakuwa chungu. Na bati iwe sawa. Nikiwa Chinsapo, wakati tulikuwa tunaishi Lilongwe mjini, nilimwaga juu ya bati lililoinama, nuga yote ikateremukia upande mumoja. Nikauza upande munene kwa bantu bakubwa na upande mwembamba kwa batoto ba shule, na hakuna aliyenigombeza. Lakini musifanye vile.

Rangi ya nuga yangu ilijulikana. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi Malawi, bantu baliniita Papa Riziki kwa jina la mutoto wangu wa kwanza, lakini wasionijua balisema tu muzee wa nuga nyekundu. Nuga ya mulango kwa mulango niliuza peke yangu. Kisha Mama Nsimire akaja.

Alitoka Bukavu, alifundishaga shule kule, na hata sufuria aliisemesha Kifaransa. Kitambaa chake cha jikoni alikipiga pasi. Mutu gani anapiga pasi kitambaa cha jikoni? Nuga yake ilikuwa nyeupe kama kioo, karanga unaiona ndani imelala kama samaki kwenye maji safi. Na wakati wa mvua, yangu ikiwa inanata mpaka unaila na karatasi yake, ya Mama Nsimire ilikaa kavu, inalia kwenye sahani kama sarafu. Nilimwambia bibi yangu, Mama Riziki, kwamba nuga nyeupe ni nuga mbichi.

"Basi mbona unaiangalia hivyo?" akaniuliza.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichoma ni mambo ya Pasta Eliya. Pasta wetu ana ugonjwa wa sukari wa siku nyingi. Kila nikipika nilimupelekea kipande, juu ya heshima. Alikipokea kwa mikono miwili, anakinusa, anakitia ndani ya mufuko wa koti. "Hii ni ya bajukuu," alisema. Kliniki ilimukataza, nilijua. Lakini mi nilijipa moyo: siku Mungu atamufungulia mudomo, kitu cha kwanza kuingia mule kitakuwa cha kwangu.

Sasa siku ya Mungu moja, mbele ya mulango wa kanisa, nikamukuta Pasta anatafuna. Macho amefunga. Mama Nsimire amesimama mbele yake na kisahani. Nikasikia meno ya Pasta yanavunja nuga, ka! Nimeona banaume bakinyang'anywa bibi na nikabapa pole bila kujua uchungu wenyewe ukoje. Siku ile nikaujua, tena juu ya mlio wa meno ya muzee wa watu.

"Papa Riziki," Pasta akaniambia, "leo nimekula kitu kitamu." Anayasema hayo kwangu.

Kumbe Mama Nsimire alikuwa ananunua sukari ingine Old Town, Lilongwe, iliyotengenezwa kwa bagonjwa, na kliniki walimuruhusu Pasta kipande. Nikapongeza. Zikomo, asante, mama, kazi muzuri. Nikarudi nyumbani, sikula nsima yangu, ugali wa hapa.

Hapo njo nifike kwenye maombi ya kavu. Kanisa letu, ninyi munajua, tunafungaga kavu kabisa, hata maji hapana, tunaombea wale wanaongojea safari ya kuhamia inchi ingine na wale waliokatazwa kwenda. Siku ya kufungua, saa sita ya mchana baada ya ibada, mbele ya uji, kila mutu anawekewa kitu kitamu mukononi. Kitamu cha kufungua kinywa. Hicho kilikuwa changu tangu zamani. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, ilikuwa tu inajulikana. Mwaka ule Pasta akatangaza kwamba kitamu kitatoka kwa Mama Nsimire, ili yeye Pasta naye aweze kufungua kinywa pamoja na kundi lake. Utabishana na neno kama lile namna gani? Nilibishana ndani ya roho.

Mbele ya siku yenyewe nikaenda jikoni ya kanisa. Nilikuta hayuko, sufuria iko kwa moto. Nikafunua kifuniko, nikanusa. Nikachovya kidole kwenye gunia lake dogo, nikalamba: tamu, lakini utamu wa pole, na kama ubaridi fulani juu ya ulimi. Bamama bote waliokuwa wanachambua mchele balinitazama. Mama Nsimire akatokea nyuma.

"Papa Riziki, unatafuta nini ndani ya sufuria yangu?"

"Bati yangu."

"Bati ndani ya sufuria?"

Bamama balicheka mpaka mchele ukamwagika. Kumbukeni kicheko hicho, sababu bamama haohao njo waliokuja kushuhudia juu yangu.

Siku ya kufungua ikafika. Mama Nsimire akasimama akasema sukari hii haina mubaya, hata mugonjwa anaweza kuila. Pasta akalirudilia kwa sauti ya mimbari. Basi bantu wakalisikia vile mutu mwenye njaa anasikia. Kama haina mubaya kwa mugonjwa, muzima je? Walikula kwa viganja. Walikula juu ya tumbo kavu kama ngoma, wakarudisha sahani, ikajazwa tena, batoto wakaweka hata ndani ya soksi. Sahani ilipofika kwangu nikaipitisha kwa jirani.

"Meno," nikasema.

Shemasi Byamungu aliyekaa karibu alinitazama sana. Anajua mi navunja mifupa ya mbuzi. Nikanywa uji wangu, nikarudi nyumbani nimenuna.

Mchana ule haujagawanyika vizuri, mambo yakaanza. Mara tumbo la huyu linanguruma, mara la yule limejaa hewa kama mupira. Kisha mbio. Kwaya nzima ilikimbia, sauti ya kwanza mpaka ya inne. Vyoo vya upande wetu vilikuwa na mustari, na kwenye mustari hakuna aliyeweza kusimama wima. Shemasi Byamungu, mutu munene wa heshima, anayetembea kama anabeba kanisa juu ya kichwa, alipita mbele ya nyumba yangu akikimbia na Biblia kwapani sababu alikosa nafasi ya kuiweka. Bibi yangu alirudi, akanipita bila salamu. Pasta naye, masikini.

Mimi nilikaa kwenye kiti, tumbo langu limetulia. Siwadanganyi, nilikuwa na furaha. Nilisema peke yangu: nuga nyeupe.

Furaha ile ilidumu mpaka asubuhi. Nilienda bombani kuchota maji, bamama wakaondoa ndoo zao karibu na yangu. Bajukuu bangu walioenda kucheza kwa jirani walirudishwa. Halafu neno likanifikia: karuho. Ninyi muliozaliwa hapa labda munalisikia kama hadithi. Kwetu Kivu karuho ni ile sumu mutu anatiliwa kwenye kinywaji au chakula, na mutu akishaitwa jina hilo, halimutoki. Nimejua muzee hapahapa kambini aliyebandikwa neno hilo. Hakuna aliyekuja tena kuomba moto kwake, na siku moja tulikuta nyumba yake tupu, mulango uko wazi. Mutu ambaye kazi yake ni kutia vitu vitamu ndani ya midomo ya bantu, akiitwa wa karuho, amekwisha. Yeye na bibi na bajukuu.

Byamungu alikuja kunikalisha. "Sisi bote tulihara, Papa Riziki. Wewe peke yako hapana. Na ulionekana kwenye sufuria. Utueleze mbele ya bazee."

Ningeeleza nini? Kwamba sikula juu ya wivu? Muzee kama mimi aseme hivyo mbele ya kwaya? Wivu ulinichungia tumbo, kisha wivu uleule ukanikamatisha.

"Sema tu ulikataa kwa wivu," bibi yangu akaniambia.

"Siwezi."

"Basi sema ulitia karuho. Tuone gani ni rahisi."

Tungali tunagombana, Mama Nsimire akabisha hodi. Nilijua amekuja kunitukana, nikatengeneza uso. Akakaa juu ya mukeka bila kungoja kiti.

"Papa, wewe uko na wivu, hilo hata batoto banajua," akasema. "Lakini mutu wa sumu hakuji mchana kufunua sufuria mbele ya bamama bote. Na wakikutoa wewe katika maneno haya, watakuja kwangu. Sufuria ni yangu." Alikuwa amekonda macho kwa kuhara, sababu naye alikula. "Twende Old Town tumuulize aliyeniuzia."

Tulipanda kabaza mpaka barabara kubwa, kila mutu na baiskeli yake, sikutaka kuongea naye, kisha tukaingia Lilongwe. Duka liko nyuma ya stendi ya mabasi, la muzee Muhindi anayeuza vitu vya keki, rangi, sukari ya kupamba, vyombo vya maumbo ya nyota. Mama Nsimire akaeleza kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Muzee akasikiliza, akauliza kila mutu alikula kiasi gani. Mama Nsimire akakutanisha viganja viwili kama mutu anayechota maji. Muzee akaziba mudomo.

"Pang'ono, amayi," akasema. "Pang'ono pang'ono." Njo Kichewa hicho, kidogo kidogo, hata mi nilielewa.

Akatufasiria polepole. Sukari hii ulimi unaijua, tumbo haliijui. Halimalizi kuisaga kule juu. Basi inateremuka karibu vile ilivyoingia, inavuta maji, na ikifika chini inachachuka kama pombe, inaleta hewa. Kipande kimoja, viwili, mutu hasikii kitu. Viganja viwili juu ya tumbo lenye njaa, hata askari atakimbia. Siyo sumu, inapita yenyewe, bantu wanywe maji. Na tena, akasema, sukari hii haipati rangi, hata uipike namna gani.

Hapo nilipumua. Kumbe ule weupe haukuwa ufundi wake, ni sukari tu. Ningerudi Dzaleka na amani, lakini muzee akaongeza kwamba kipande Mama Nsimire alichomuletea siku ingine kilikuwa kizuri, yeye hajaona mutu anaimwaga ikawa safi vile. Hata siku ya kuniokoa mimi, aliyesifiwa ni yeye.

Tulirudi tukaeleza, lakini bazee hawakukubali. Byamungu akasema, na alisema kweli, kwamba tumetoka pamoja na tumerudi pamoja, na tumeleta maneno ya mutu asiyejulikana. Niliona bibi yangu ameshikilia mujukuu kama kuna mutu atamunyang'anya. Njo nikasimama.

"Apike mbele yenu," nikasema. "Mi nikae kule kwenye mulango, mbali na sufuria. Nishinde na njaa, kisha nile vile mulikula. Kama ilikuwa sumu yangu, nitabaki nimekaa hapa, muzima. Kama ni sukari, nitakimbia vile mulikimbia."

Pasta akakubali. Kesho yake asubuhi wakakaa kwenye viti vya plastiki kwenye kiwanja cha kanisa, na Mama Nsimire akawasha mukaa. Nilimuangalia toka mbali. Mwiko wake hauzunguki ovyo. Alimwaga kwa mukono mumoja, sawasawa, bati halikutikisika, na niliomba litikisike. Wakaniletea sahani.

Ile njo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuila. Ilivunjika safi. Karanga zilikuwa zimekaangwa sawa na zangu. Nimeandika sawa, sikuandika zaidi. Nikala kingine. Nikala kiganja.

"Unakula kama mutu asiye na hofu," Byamungu akasema.

Ukweli ni kwamba kwa muda fulani nilikuwa nimesahau kesi.

Kisha tukangoja. Mi ni mutu wa Fizi, nimekulia muhogo muchungu na dagaa la juzi. Tumbo langu likanyamaza. Jua likapanda. Mutu mumoja akakohoa. Bazee wakaanza kutazamana, na Byamungu akatoa macho kwangu akayaweka chini, na hilo lilinitisha kuliko kama angenikemea.  Nikajiona nafukuzwa Dzaleka juu ya tumbo ngumu. Katika maombi yote ya kavu sijaomba vile nilivyoomba pale: Baba, nipe kuhara.

Mama Nsimire akainuka, akachukua sahani mwenyewe, akachuchumaa mbele yangu. "Ongeza, papa," akasema chini. "Tafazali." Nuga zilikuwa zinalia kwenye sahani. Kitambaa chake kilikuwa hakina pasi. Njo nikaelewa kwamba yule mwanamuke alikuwa anaweza kupotea sawa na mimi, na hakuna siku nyingine nilimuonea huruma, lakini ile siku nilimuonea. Nikala tena, mpaka mashavu yakachoka.

Ikaja. Kwanza sauti tu, kama sukari inapoanza kuchemuka chini ya sufuria. Byamungu akainama kusikiliza. Pasta akauliza ni nini hiyo.

"Ngojeni," nikasema.

Ya pili ilisikika mpaka kwa bamama. Nikasimama. Nilitaka kuondoka kwa hatua za muzee, polepole, kofia mukononi. Haikuwezekana. Nilikimbia, mi muzee muzima, na nyuma yangu kanisa lote likapiga makofi, bamama wakatoa vigelegele kama bibi harusi anaingia. Sijui kama kuna mutu mwingine duniani aliyeshangiliwa hivyo akienda chooni.

Byamungu alinifuata. Alisimama nje ya mulango wa choo na sauti yake ya kanisa. "Papa Riziki, tusamehe sisi bote."

"Shemasi," nikamujibu, "ngoja kwanza."

Basi batoto, mukipata siku moja kupika na sukari kama ile, ambayo ni baridi juu ya ulimi, haipati rangi na hainati wakati wa mvua, mwambieni mutu mbele ya kula, siyo nyuma. Neno "haina mubaya" lisitoke peke yake mudomoni. Litoke pamoja na "kidogo". Na musimupe mutu mwenye tumbo tupu. Kwetu sasa uji unatangulia, halafu kitamu, kipande kimoja kwa mutu. Na sahani inapita na rangi mbili: nyeupe ya Mama Nsimire kwa Pasta na wenzake, nyekundu kwa wengine. Nilikuwa nakaa mahali ambapo naona vizuri rangi gani inaisha mbele. Bado nakaa pale, ingawa sipiki tena, nyekundu siku hizi ni ya kijana niliyemufundisha.

Sipiki tena sababu kliniki waliniambia nami niko na sukari kwenye damu. Mi, muzee wa nuga nyekundu. Bati langu limefunika banda la kuku.

Mama Nsimire anapita hapa akitoka sokoni. Ananiletea kipande kimoja, kimefungwa kwenye karatasi. Nakipokea kwa mikono miwili, nakinusa, nakitia mufukoni. "Hii ni ya bajukuu," namwambia.

"Ndiyo, papa," anasema, na hacheki, na hapo nazidi kukasirika.

Akishapita nazunguka nyuma ya nyumba, kwa kuku. Nikirudi, bibi yangu ananitazama mudomo.

"Basi leo bajukuu balisema nini?"

"Balisema iko tamu," namujibu. "Lakini haina rangi."